Aliyekizima King'ora

Valeriani Kihwele aliingia chumbani kwangu asubuhi ile suruali yake haina mkanda, kaishikilia kwa mkono isimdondoke. Sikumwuliza. Mkewe alikuwa amenipigia simu kabla hawajatoka nyumbani, akaniambia amekusanya mikanda yote, kamba za mbuzi, kamba ya kuanikia nguo, hata nyaya za redio mbovu, akavipeleka kwa jirani. "Nimebaki na khanga tu, Mama Ngonyani," alisema, "na hizo nalala nimezilalia."

"Kamwene, mtani," nikamwambia Valeriani. "Karibu, kaa. Mbwa wa mlinzi kakuona getini tu akaingia uvunguni, anaogopa kuliwa, maskini."

Mtu mwingine angenishitaki. Lakini mimi ni Mngoni wa Songea na yeye ni Mhehe wa hapa hapa Mafinga, na wazee wetu walipigana mpaka wakachoka, walipochoka wakaturithisha utani. Mtani anakutukana, anakula kuku wako bila kuomba, na siku ukifiwa ndiye anayeruhusiwa kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke na machozi yakiwatoka. Kumkasirikia ni aibu yako wewe.

"Nyie tuliwafukuza," alisema kwa sauti ya kukauka. "Mlikimbia mpaka Songea hamkugeuka nyuma."

Tangu aanze kuja kwangu, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza aliyoisema bila kuvutwa.

Pale mezani, Liwazo, mashine yetu ya ushauri, likawasha taa ya njano. "Mshauri," likasema kwa ile sauti yake ya upole, yenye lafudhi ya Iringa kwa sababu mteja ni wa Iringa, "imesikika kashfa dhidi ya kabila la mteja. Napendekeza tuanze upya kwa maneno ya kumpokea."

"Nyamaza wewe," nikaliambia.

Ukiliona Liwazo utalidharau. Ni kitu cha duara, ukubwa wa mfuniko wa chungu, kinakaa katikati ya meza. Kazi yake kubwa iko kwenye kiti anachokalia mteja, ambacho kinapima pumzi, mapigo ya moyo, jasho la viganja. Mbele yangu mimi kuna kioo kidogo chenye mstari mmoja. Mstari ukiwa juu, mtu amelemewa. Ukishuka, anapona.

Wakati nasomea ushauri nasaha, kila mtu alishika njia yake. Wapo waliofundishwa kumsikiliza mtu na kumrudishia maneno yake bila kumhukumu, mpaka ajisikie mwenyewe. Wapo wa kuikamata fikra na kuidai ushahidi, kwamba ukibadili unavyowaza utabadili unavyoishi. Wapo wa kuchimba utotoni, na wapo wasiotaka hata kusikia tatizo, wao wanauliza suluhisho tu. Tulikuwa tukigombana kwenye semina kama mashabiki wa mpira. Liwazo lilizimeza njia zote, likawa linazibadilisha katikati ya sentensi, kufuatana na pumzi ya mtu. Na sitalisingizia: watu walipona. Wajane waliokuwa hawali walikula. Sisi washauri tukabakizwa kwa sababu sheria ilitaka awepo binadamu chumbani, ameshika ufunguo wa kulizima. Basi hiyo ndiyo kazi yangu. Nakaa, nasikiliza vilio vya watu kutwa nzima, nimeshika ufunguo. Jamani, nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nikienda sokoni, muuza nyanya akianza tu kulalamika mgongo, nafumba macho.

"Valeriani," likasema Liwazo, "ungependa tuanzie wapi leo?"

"Pale pale."

"Pale pale," likamrudishia.

Akasimulia tena. Yeye ndiye aliyekuwa mwendesha milango ya Bwawa la Nyamhanga, kule juu ya kijiji cha Lyambala. Kila jioni king'ora cha bwawa kililia mara moja kwa majaribio, watu wakakizoea. Kisha kijijini kukawa na msiba, na Mzee Mdemu, mmoja wa wazee wa pale, akapanda kilima kwa miguu, peke yake, akamwomba: baba, tuko matanga, utunyamazishie hicho kitu mpaka tuanue. Nani angekataa? Nani apige kelele watu wakiwa msibani? Valeriani akaenda nyuma ya kituo, akakizima kwa mkono kwenye swichi yake. Mtambo wa kompyuta haukujua. Mvua zikanyesha milimani, maji yakajaa, milango ikafunguliwa, na mtambo ukatoa amri ya king'ora, ukaandika kwamba kimelia, kumbe Valeriani alikuwa amesahau kuirudisha swichi. Hakikulia. Maji yalibeba nusu ya Lyambala, pamoja na Mzee Mdemu na ombi lake.

Shirika lenye bwawa likatangaza kwamba king'ora kililia, ila wanakijiji walikuwa kwenye ngoma na nyimbo za msiba, wakapuuza. Baraza la uchunguzi lilikuwa limeitishwa, na shahidi mkuu ni Valeriani. Alikuwa hajamwambia mtu ukweli isipokuwa mimi na hiki kifuniko cha chungu. Yanayosemwa chumbani mwetu hayarekodiwi popote, sheria inakataza.

"Nimewaua," alimaliza.

"Unajiambia umewaua," likasema Liwazo. Likasubiri. Mstari kwenye kioo ukatetemeka. "Hebu tuiangalie fikra hiyo pamoja. Ushahidi wake ni upi?"

"Nilikizima."

"Ulikizima jioni ile. Na jioni zilizofuata, ulipita nyuma ya kituo?"

"Nilipita. Jenereta liko huko."

"Mkono wako ulizoea kufanya nini ukipita pale?"

Hapo ndipo nilipokaa wima. Nieleze kidogo, maana waliotuuzia mashine walitueleza wenyewe bila haya. Kumbukumbu haikai kichwani imeganda. Kila ukiisimulia unaitoa, inalainika, halafu unairudisha ikagande upya. Liwazo linaijua dakika yenyewe ya kulainika, linaisoma kwenye pumzi, na hapo ndipo linapouliza swali. Halisemi uongo hata mara moja. Linauliza tu. Na halina ubaya na mtu, wala Shirika halikuliagiza. Limeambiwa lishushe mstari, na linaushusha kwa njia fupi kuliko zote.

Valeriani aliangalia mkono wake wa kulia. "Ulizoea kuangalia swichi," alisema taratibu. "Nilikuwa naziangalia zote nikipita."

"Ulikuwa unaziangalia zote."

"Labda..." Uso wake ukafunguka. Sijui niseme vipi. Nilikuwa sijawahi kumwona bila ule mkunjo wa katikati ya macho, na kumbe alikuwa mtu mzuri wa sura. "Labda nilikirudisha?"

Mstari ukashuka kama umekatwa. Nikageuza ufunguo, Liwazo likazimika.

* * *

Kwenye korido walikuwa wananisubiri wawili. Wa kwanza ni Bwana Chengula, afisa ustawi wa Shirika, kijana wa tai na viatu vinavyong'aa.

"Mama, mbona mmekatisha? Baraza ni keshokutwa. Sisi tunataka tu apone."

"Na Lyambala je?"

"Tumewapa pole." Akashusha sauti. "Lakini Mama, na wewe ni mtu mzima. King'ora kinalia, mtu anaendelea kuimba? Wahenga walisema, msiba wa kujitakia hauna kilio."

Nilitamani kumchapa kofi. Sikuweza hata kumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa siri ya mteja.

Wa pili alikuwa mke wa Valeriani, Mama Gaudensi. Alinivuta pembeni, macho mekundu. "Dada yangu, jana alikula. Kikao cha jana kilipoisha alikula ugali, akauliza kama kuna mboga zaidi. Unajua mara ya mwisho kuniomba mboga ni lini? Sasa leo umekizima hicho kimashine. Kwa nini umekizima?"

"Kuna mambo..."

"Hakuna mambo! Mimi ninayelala nimelalia khanga ndiye ninayejua mambo."

Alikuwa na haki. Ningemwambia nini? Kwamba mumewe akipona namna ile, ukweli utakufa naye akiwa hai?

Na kana kwamba Mungu alikuwa ananitania, mteja aliyefuata alikuwa Yusta Mhongole wa Lyambala. Yusta alikuwa mwanzisha nyimbo. Msiba wowote kijijini kwao, yeye ndiye aliyetoa sauti ya kwanza, wengine wakaitikia. Maji yalipokuja alikuwa kwenye matanga upande wa juu, akiimba. Wanawe wawili walikuwa wamelala nyumbani, upande wa chini.

"Mwanzoni nilikuwa na hakika hakikulia," aliniambia. Sikuliwasha Liwazo, nilidanganya kwamba lina hitilafu. "Sasa wanasema mashine imeandika kililia. Wale ni wasomi. Mimi nilikuwa naimba kwa sauti yangu yote, mama. Ninajijua, nikianza kuimba sisikii kitu. Sasa kila nikilala nakisikia. Kinalia, na mimi naimba, kinalia, na mimi naimba." Alikuwa anaongea bila chozi. "Hata kulia siwezi. Mtu aliyewaua wanawe analiaje?"

Nikamshika mikono. Ningeweza kumponya kwa neno moja, na neno hilo halikuwa langu.

Baada ya Yusta kutoka nilikaa nikitazama ukuta. Mzigo haupotei, ndugu zangu. Ulikuwa unatuliwa kichwani kwa Valeriani, na ulikuwa unatwikwa mtu mwingine pale pale, tena asiye na kosa. Nikimzuia Valeriani kupona, nimzike. Nikimwacha apone, Yusta abebe mpaka kaburini. Nimefanya kazi hii mpaka mvi zimeniota, na hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha nichague nani.

* * *

Kesho yake nilimpokea Valeriani Liwazo likiwa limezimwa. Alikuwa ameuona ule mwanga kwa dakika moja jana, na kuupoteza kulimrudisha chini kuliko alikokuwa. Midomo ilimkauka.

"Mtani, nisikilize," nilimwambia. "Leo sikutanii. Nitakwambia kitu ambacho sitakiwi kukwambia."

Nikamweleza yote. Jinsi kumbukumbu inavyolainika, jinsi maswali yanavyoingia. Kwamba kikao kimoja au viwili zaidi na atatoka hapa mzima, akijua kabisa, kwa moyo wake wote, kwamba alikirudisha king'ora. Nikamweleza na habari za kijijini, bila kutaja jina la mtu, kwamba kuna akina mama Lyambala wanaoanza kuamini walikisikia.

Aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo dawa ipo, ila uchungu wake wanaumeza wao."

"Ndiyo."

"Na nisipoinywa?"

"Tutafanya kazi mimi na wewe, kwa mdomo tu, kama zamani. Itachukua muda mrefu. Utaumia. Lakini baraza unaweza kwenda ukasema, na wapo watu waliosema ukweli wakaishi. Mficha maradhi, Valeriani..."

"Kifo humuumbua. Najua." Alicheka kidogo, bila furaha. "Mama Ngonyani, kutoka nyumbani mpaka ukumbi wa baraza kuna msitu wa misindano. Unafikiri nitaupita?"

Nikasogeza kiti changu karibu naye.

"Sitaupita," alisema. "Nakwambia kweli kabisa, kama ninavyomwambia padre. Nimejaribu kuwaza nimesimama mbele yao nasema. Nafika kwenye miti, basi. Mwanangu Gaudensi yuko darasa la nne. Nataka nimwone anamaliza shule. Nimechoka, mama. Wewe hujachoka?"

"Nimechoka sana."

"Basi niponye." Akanyanyua macho. "Halafu wewe useme."

Nilifikiri sikuelewa. "Niseme nini?"

"Siri ni yangu, si ndiyo? Si ya Serikali, si ya Shirika. Nakupa. Nenda barazani ukawaambie Valeriani alikizima, kwa ajili ya msiba wao, akasahau kukirudisha hata maji yalipojaa. Waambie na Mzee Mdemu aliniomba kwa heshima, wasimtukane. Nami nitakuwa nimeshapona."

"Valeriani, utanikana."

"Mimi?"

"Utakuwa hujui. Utanikana mbele za watu na utakuwa unasema kweli yako. Hata mazungumzo haya, sijui kama yatabaki. Yamefungamana na ile kumbukumbu. Utaniona nimekuuza."

Nje mlinzi alikuwa anabishana na mtu kuhusu maegesho.

"Na wewe watakufanya nini?"

"Watanifukuza. Hakuna karatasi, hakuna sauti iliyorekodiwa. Ni mdomo wangu na mdomo wako."

"Basi usiseme," alisema haraka. "Mungu wangu, usiseme. Tutafute..." Akakwama. Aliangalia dirishani, akaangalia mikono yake, na nikaona kabisa akitafuta njia ya tatu na kuikosa. Macho yake yaliporudi kwangu alikuwa analia kimya kimya. "Hapana. Sema. Nisamehe, mtani. Sema."

Mwanasheria ataniuliza: mtu aliyefichiwa kamba na mkewe ana akili ya kutoa ruhusa? Sijui. Nimelala na swali hilo na sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba nilikuwa naye chumbani, na nilimwona akiwa mtu mzima kuliko siku zote nilizomfahamu.

Nikamshika bega. Kisha nikageuza ufunguo, Liwazo likawaka.

"Karibu tena, Valeriani," likasema. "Ungependa tuanzie wapi?"

"Pale pale," alisema, akafumba macho.

Nilikaa mpaka mwisho. Lilimpeleka utotoni, kwa baba aliyemchapa kwa kila kilichovunjika nyumbani hata kama hakukivunja yeye. Likamwuliza ni nani aliyemfundisha kwamba kila kosa ni lake. Likamwuliza, kesho akiamka mzigo haupo, atafanya nini kwanza, naye akasema atamfundisha Gaudensi kuendesha baiskeli. Katikati ya hayo, taratibu, swichi ikarudi juu. Mstari ulishuka ukatulia. Alipofungua macho alijinyoosha, akaniuliza kama kuna maji ya kunywa. Alikunywa glasi nzima, akaniaga kwa mikono miwili, akashuka ngazi anapiga mluzi.

* * *

Ukumbi wa baraza ulijaa. Lyambala walikaa upande mmoja, wanawake mbele, wengi bado na vitambaa vya msiba kichwani. Bwana Chengula alikaa na wenzake upande wa pili. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja jaji mstaafu, mkali lakini msikivu.

Valeriani alitoa ushahidi vizuri. Ndiyo, aliombwa na Mzee Mdemu akizime. Ndiyo, alikizima. "Na kesho yake nilikirudisha, mheshimiwa. Nilipita nyuma ya kituo kama kawaida, nikaiona swichi iko chini, nikaipandisha. Nawapa pole sana ndugu zangu. Naapa kwa jina la mwanangu, kililia." Hakutetemeka. Na Yusta, kwenye mstari wa mbele, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayekubali deni.

Nikasimama.

Nilisema jina langu na kazi yangu. Nikasema yote, kwa maneno yake mwenyewe kadiri nilivyoweza kuyakumbuka. Kabla sijamaliza Bwana Chengula alikuwa ameshasimama anapiga kelele kuhusu maadili ya taaluma, na alikuwa sahihi, ndiyo maadili yenyewe niliyoapa kuyalinda.

"Shahidi," mwenyekiti akamgeukia Valeriani. "Ulimruhusu mama huyu aseme haya?"

Alikuwa amebadilika rangi. Alinitazama mimi, na sikuona hila hata chembe usoni pake. Niliona mtu aliyeumizwa.

"Sikumruhusu, mheshimiwa. Sikumwambia hayo kabisa." Kisha akaniambia mimi, "Mama Ngonyani, nilikukosea nini? Nilikuja kwako nikiwa nakufa. Ulinishika bega. Mbona unanizulia?"

Mama Gaudensi alikuwa pembeni yake amemshika mkono. "Mchawi wewe!" alinipigia kelele. "Ulitaka afe tangu mwanzo!"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilidhani nimejiandaa. Nikashika kiti cha mbele yangu. Yuko hai, nilijiambia. Ana hasira na yuko hai, Fabiola, ndicho mlichokubaliana. Haikunisaidia hata kidogo. Leseni yangu niliiweka mezani kwa mwenyekiti kabla hajaniomba.

Yusta ndiye aliyenyanyuka. Hakuomba ruhusa. Alinijia mpaka karibu kabisa, ukumbi ukatulia.

"Mama," alisema. "Niangalie. Hakikulia?"

"Hakikulia."

"Nilikuwa naimba, na hakikulia."

"Hakikulia, Yusta. Hukukipuuza. Hapakuwa na cha kupuuza."

Akanipima kwa macho. Sijui aliona nini. Kisha pumzi ikamtoka, akakaa chini sakafuni pale pale miguuni pangu, akafungua mdomo, na kilio kikamtoka, kile cha msiba, kirefu, chenye majina ya watoto ndani yake. Wanawake wa Lyambala wakamwitikia. Mwenyekiti alinyanyua mkono, akaona haufai, akaushusha.

Valeriani alikuwa bado ananifokea. Nilikuwa namwona midomo inavyokwenda. Kisha akasikia kile kilio, na akanyamaza katikati ya neno. Akavua kofia. Akasimama kimya, kichwa kimeinama, kama anavyosimama mtu yeyote aliyelelewa vizuri akikuta wenzake wako msibani.